Mvuje wa Shangazi

Wiki iliyopita mama mkwe wangu alikuja Mpendae kumtazama mjukuu wake. Alipoondoka nikaingia chumbani, na kabla sijafika kitandani nilijua kuna kitu. Harufu ilinipokea mlangoni. Nikamfunua mtoto, nikakuta mkononi kafungwa kijifuko cheusi kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Mvuje. Nikakimbilia chooni, na chai yangu yote ya asubuhi ikarudi ilikotoka. Nilipomaliza nikaosha uso, nikatafuta mkasi, nikakikata kile kijifuko, nikakifunga ndani ya gazeti na gazeti ndani ya kitambaa, nikaenda kukitupa jaa la mtaa wa pili, maana la kwetu liko karibu mno.

Najua mama mkwe kakusudia heri. Mvuje ni kinga ya watoto tangu enzi. Ni utomvu mkavu, unauzwa kwa wauza dawa pale Darajani, na wanaouamini wanasema shetani hauwezi. Kwa hilo mimi na shetani ni wamoja. Wenzangu wa rika langu mliokulia mjini mnaujua, na wengine mlifungwa nao mkauzoea. Kwa asiyeujua, achukue kitunguu thomu kilichooza, akiache ndani ya kiatu cha mvua, kisha avae kiatu. Kwangu mimi ile ni harufu ya watu wazima wanaofanya ujinga huku wakijiona wana huruma, na naichukia tangu meno yangu ya mbele yalipokuwa mapengo.

Tulikuwa tukikaa Kikwajuni wakati huo, katika nyumba ya chini yenye ukumbi mrefu, vyumba vitatu, na stoo ndogo karibu na uwani. Chumba cha mwanzo alilala Bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa kapooza upande wa kulia. Mguu haukwenda, mkono haukwenda, na maneno yalimtoka nusunusu, kama mtu anayezungumza huku ana tonge mdomoni. Alikuwa akilishwa, akigeuzwa, akioshwa na kubadilishwa, na mtu aliyekuwa akifanya yote hayo ni mama yangu, mke wa mwanawe.

Nitasema ukweli wa mtoto: chumba kile kilinitia kinyaa. Kilinuka mkojo, kikanuka mafuta ya karafuu aliyokuwa akichuliwa Bibi, kikanuka kidonda kilichomtoka mgongoni kwa kulala. Chini ya shuka palikuwa na mpira mwekundu, na mama alipoukunjua kuuosha uwani mimi nilikwenda kukaa barazani si mpaka ukauke tu, bali mpaka nisahau. Nikitumwa kupeleka maji nilisimama kizingitini, nikaunyoosha mkono wenye kikombe mpaka bega likaniuma, ilimradi miguu isiingie ndani. Mama hakunigombeza kwa hilo. Yeye aliingia na kutoka kama anayeingia jikoni, akiimba puani.

Lakini si saa zote aliimba. Asubuhi aliamka vizuri. Ikifika adhuhuri, Bibi keshabadilishwa mara kadhaa, wali uko jikoni, nguo zimeloweka, mama alianza kubadilika. Sufuria ziligongana. Midomo ilikazana. Ukimwita alijibu kabla hujamaliza jina. Mabega yalipanda mpaka karibu na masikio, na pumzi zikawa fupifupi. Mimi na kaka yangu tuliujua wakati huo, na tulipita pembeni.

Kisha alasiri ikifika, akishasali na Bibi akishalala, mama alivaa buibui lake, akasimama mlangoni na kunambia maneno yaleyale.

"Zuwena, nnakwenda kupunga upepo. Bibi akiamka mwite jirani."

"Naam, mama."

Sasa mtoto anasikia kwa masikio yake mwenyewe. Mama alikuwa akiyasema yale maneno kwa haraka, kiatu kimoja mguuni na chengine mkononi, na ile *u* ya upepo ilikuwa ikizama. Mimi nilisikia kupunga pepo. Na kupunga pepo nilikuwa nakujua. Nyumba ya nyuma yetu walikuwa na mwanamke aliyekuwa akipungwa, na sisi watoto tulichungulia dirishani: ngoma, moshi, wanawake wamezunguka, na yeye katikati anatikisa kichwa. Basi nikaelewa. Mama yangu ana pepo, na kila alasiri anakwenda mahali anapopungwa, halafu anarudi.

Kuna jambo jengine lililonichanganya. Chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu alitufundisha kuwa Pepo iko chini ya nyayo za mama. Sikuona kuwa ni neno jengine. Nikajiambia, kumbe pepo wa mama yuko miguuni. Mara moja mama alipojilaza ukumbini baada ya kula nilipiga magoti nikazikagua nyayo zake kwa muda mrefu. Niliona magaga tu. Nikaamini kuwa pepo kaingilia kwenye zile nyufa.

Na ushahidi ulikuwa wazi kwa mtoto mwenye macho. Kabla ya kutoka, mama alikuwa na dalili zote. Akirudi, kabla ya magharibi, mabega yameshuka, uso umelainika, na mara nyengine kanunua urojo wa kugawana. Aliingia chumbani kwa Bibi akaanza kumwosha, na mikono yake haikuwa na haraka. Alimsugua vidole vya mguu kimojakimoja huku akimsimulia aliyokutana nayo njiani. Bibi alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nikiwa kizingitini nilishukuru kwa wale watu wasiojulikana waliokuwa wakimpunga mama yangu vizuri hivyo.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza alikuwa akifanya nini hasa. Akanambia alikuwa akitembea mpaka Maisara, akivua viatu, akikaa penye ukuta upande wa bahari, akiwatazama vijana wanaocheza mpira. Siku nyengine alikutana na rafiki yake wakacheka. Siku nyengine alilia kidogo, akajifuta, akarudi. "Nilikuwa natembea mpaka mabega yateremke," aliniambia. "Yakishuka nageuza njia." Siku hizi wanawake wanajaa Maisara na Amani kila jioni, na raba zao miguuni na simu mkononi, wanatembea kwa makundi, na kila mtu anawasifu kwa kujitunza. Wakati ule mwanamke aliyetoka peke yake bila kikapu cha soko alihitaji kueleza.

Hapo ndipo anapoingia Shangazi Rukia, dada yake baba. Yeye alikaa Amani kwa mumewe, na alikuwa akija kila Ijumaa kumwona mama yake. Alikuja na sahani ya halwa na kichupa cha marashi. Halwa Bibi hakuweza kuimeza, kwa hiyo Shangazi aliila mwenyewe ukumbini. Marashi alijipaka puani kabla ya kuingia chumbani. Alisimama karibu na mlango, akatoa machozi mawili matatu, akasema, "Maskini mama yangu, jamani," kisha akarudi ukumbini kwenye halwa. Alikuwa mwanamke mzuri, mweupe wa mikono, na mikono ile siku zote ilinukia.

Baadaye mumewe alisafiri, na Shangazi akaamua kuja kukaa kwetu mpaka arudi. Alisema anakuja kumwangalia mama yake. Kumwangalia alimwangalia kweli, kwa macho. Alikaa ukumbini kwenye kochi la baba, mlango wa Bibi uko wazi mbele yake, na kila Bibi alipoguna aliita, "Wifi, mama anataka kitu." Mama alitoka jikoni, akafuta mikono, akaingia. Shangazi alirudi kwenye halwa yake.

Siku ya mwanzo mama alipovaa buibui, Shangazi aliweka chini sahani.

"Wifi, wapi na saa hizi?"

"Kupunga upepo, wifi. Narudi sasa hivi."

"Mama hajiwezi, kalala hapo, weye unakwenda kupunga upepo?"

"Keshakula, keshabadilishwa, kalala. Na weye upo."

"Mie nipo, naam," alisema Shangazi, kwa sauti ya mtu aliyewekewa sahani chafu. "Nasema tu. Watu wana macho."

Mama akatoka. Alipotoka tu, Shangazi akaniita nikae karibu naye, akaanza kunihoji. Mama anatoka kila siku? Anakwenda na nani? Akirudi anakuwaje? Nilimjibu kuwa akirudi anakuwa mzuri, na Shangazi alitikisa kichwa kama aliyethibitishiwa jambo baya.

Jioni ile baada ya magharibi tulikula pamoja. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini, mtu wa maneno machache aliyependa sana samaki. Shangazi akasema mbele ya watoto kuwa majirani wanauliza mke wa fulani anakwenda wapi kila alasiri na nyumbani ana mgonjwa. Baba alikuwa akitoa miiba kwa uangalifu, akiipanga ukingoni mwa sahani. Alipomaliza akasema, "Punguza kutoka, mama Zuwena. Dada kashasema." Kisha akaomba ndimu. Mpaka leo nikikaa na mwanamume anayepanga miiba ukingoni mwa sahani, hamu ya kula inanitoka.

Mama akaacha kutoka.

Sijui niseme nini kuhusu siku zilizofuata isipokuwa kuwa nyumba ilioza. Alasiri ilifika, mama akasali, akabaki amekaa juu ya msala akiutazama ukuta, kisha akainuka akarudi uwani kwenye ndoo. Mabega hayakushuka tena. Alivunja sahani. Alimpiga kaka yangu kofi kwa kumwaga uji, naye hakuwahi kutupiga. Kuimba puani kukakoma, na chumba cha Bibi, ambacho zamani kilinuka mgonjwa, sasa kikawa kinanuka na hasira pia, kama hasira ina harufu. Mimi naamini inayo. Ni ya chuma kilicholowa.

Siku moja nilikuwa kizingitini na kikombe cha maji. Mama alikuwa akimgeuza Bibi. Bibi alikuwa mzito na siku hiyo alikakamaa, na mama akamvuta ule mkono mzima kwa nguvu, mara moja, hivi. Bibi akalia. Hakikuwa kilio kikubwa, ni sauti tu kama ya mlango. Mama akauachia mkono. Akautazama. Alama za vidole vyake zilikuwa zimebaki juu ya ngozi ya Bibi. Akatoka akanipita bila kuniona, akaenda uwani akaegemeza kipaji cha uso kwenye ukuta wenye ukungu karibu na tangi la maji, akabaki hapo.

Shangazi alikuwa kaona yote kutoka kwenye kochi. Akainuka, akaja mpaka mlango wa uwani, akamtazama mama mgongoni.

"Si nilisema," alisema, na nilivyomsikia alikuwa na furaha. "Huyu kapandwa."

Kesho yake akamleta fundi wa pepo, mwanamke mfupi mwenye kikapu, watu wakimwita Bi Mashavu. Mimi nilipojua amekuja kwa ajili ya nini, nilifurahi mpaka nikaruka. Nilimkimbilia mama uwani.

"Mama, usihangaike tena. Shangazi kakuletea mtu wa kukupunga hapahapa nyumbani."

"Kunipunga nini?"

"Pepo wako. Yule unayekwenda kupungwa kila siku."

Mama aliweka chini nguo aliyokuwa akiikamua. Aliniangalia, akafunika mdomo kwa mkono wenye povu, na sikujua kama anacheka au analia. "Na weye, Zuwena," alisema. Kisha akanivuta, akainama, akanipuliza kwenye paji la uso. Nywele zangu za mbele zikapepea.

"Huu," alisema. "Upepo. U-pepo. Mie nakwenda kutafuta huu tu, mwanangu."

Nilibaki nimesimama na baridi ya pumzi yake usoni. Kwa mara ya kwanza nilielewa kuwa mama yangu hakuwa na kitu ndani yake ila uchovu. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na ukumbini Bi Mashavu alikuwa keshaomba makaa.

Wengine mtauliza kwa nini alikubali. Nilimuuliza na mimi. Alisema angekataa wangesema ndiye pepo anayekataa.

Madirisha yakafungwa. Mama akakalishwa juu ya kigoda ukumbini, akafunikwa kaniki nyeusi kichwa na mabega, na chetezo kikawekwa chini yake. Bi Mashavu akatupa mvuje kwenye makaa. Moshi ulitoka wa manjano, mzito, ukapanda ndani ya kaniki, na mama akaanza kukohoa. Kisha Bi Mashavu akatoa chupa yenye mafuta meusi. Ilikuwa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya baharini mbao zisioze. Sikupata kuelewa aliyeyapa mafuta yale jina la sifa aliwaza nini. Akayachanganya na mvuje uliopondwa, akaingiza mikono chini ya kaniki, akampaka mama yangu shingo, mikono na nyayo. Harufu mbili zile zilipokutana nilitapika palepale juu ya mkeka. Shangazi, na marashi yake puani, akanisukumia uwani kwa ncha ya kiatu. Nikarudi nikachungulia.

"Sema," Bi Mashavu alikuwa akimwambia mama. "Nani weye, na wataka nini?"

Kikohozi tu.

"Wataka pete? Wataka mbuzi? Wataka nguo? Sema, utapewa."

Hapa nataka mnielewe. Wote waliokuwa ukumbini walijua kuwa hii ndiyo nafasi ya mwanamke. Pepo akiomba, nyumba inampa. Wako waliopata bangili kwa njia hii, na waliopata ruhusa ya kwenda kwao. Mama angeweza kuunguruma kidogo, akasema anataka kupelekwa Maisara kila alasiri, na baba angempeleka mwenyewe kwa baiskeli. Hata Bi Mashavu, nadhani, alikuwa akimfungulia mlango. Alimwinamia karibu na sikio, akamwambia taratibu, "Sema tu, mwanangu."

Sauti ya mama ikatoka chini ya kaniki, kavu, ya kawaida kabisa, kama anayemjibu muuza samaki.

"Sina pepo. Nnataka upepo."

Bi Mashavu akainuka. Akavuta pumzi, akawageukia wengine.

"Haya. Keshasema."

"Kasema nini?" Shangazi akauliza.

"Pepo wa upepo huyu. Wa baharini. Mama huyu akitoka nje ndipo anapomwita. Asitoke, awekwe ndani, asikoge mpaka mafuta yamwingie."

Na wote wakaitikia. Niliyaona macho ya Shangazi yaking'ara juu ya kitambaa chake cha marashi. Mtu kaomba hewa, wakaamua kumfungia. Nimeona mambo mengi tangu wakati ule, nimefanya kazi mahali ambapo watu wanaumizana kwa barua na mihuri, lakini sijaona kitu kilichonitia kichefuchefu kama ile heshima waliyoinamisha nayo vichwa.

Wakamtia stoo, pamoja na gunia la mchele na majembe. Stoo haikuwa na dirisha. Baba alirudi, akaambiwa, akakaa barazani na kahawa yake, hakuingia ukumbini mpaka moshi ulipoisha.

Aliyesahauliwa na kila mtu ni Bibi.

Jirani alikuwa keshakatazwa kuingia, maana Shangazi hakutaka habari zitoke. Kwa hiyo alibaki yeye. Siku ya mwanzo alijifunga kanga mbili puani, akavaa mifuko mikononi, akaingia akatoka mara moja na uso umemvimba. Siku ya pili alichukua koleo la makaa jikoni. Nakwambieni kitu nilichokiona kwa macho yangu: binti wa kuzaliwa anaokota vitambaa vya mama yake kwa koleo la makaa, mkono kaunyoosha mbele, uso kaugeuza pembeni, na kila kitambaa anakiachia chini badala ya ndani ya ndoo. Bibi alikuwa akimtazama. Halafu Shangazi akafunga dirisha la Bibi ili majirani wasisikie harufu, na harufu yote ikabaki ndani na mwenyewe. Jioni nikalikuta koleo limerudishwa jikoni. Niliacha kula vitu vya kuchoma kwa muda mrefu sana.

Alasiri ya siku ya tatu Bibi alianza kuguna. Shangazi alikwenda mpaka kizingitini, pale nilipozoea kusimama mimi, akachungulia. Akarudi. Akazunguka ukumbi. Marashi hayakuwa yakitosha tena, na mabega, mabega yake mazuri yale, yalikuwa yamepanda mpaka karibu na hereni. Akaingia chumbani kwake, akatoka na buibui mwilini.

"Unakwenda wapi, Shangazi?" nikamuuliza.

"Natoka kidogo, nikapunge upepo. Kichwa kinataka kupasuka."

Sikumuuliza kwa utundu, Mungu ni shahidi. Nilikuwa nimefundishwa tofauti siku tatu kabla na nilitaka kuwa na hakika.

"Upepo au pepo?"

Shangazi akasimama. Aliniangalia kwa namna ambayo nilijua kofi linakuja, lakini halikuja. Ndani ya stoo, nyuma ya mlango, mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha mama yangu, kikavu mwanzo, kisha kikaendelea. Shangazi akafungua mlango wa nje akaondoka, na viatu vyake vilisikika mpaka kona ya mtaa, vikienda mbio.

Bibi aliguna tena. Nikaenda nikaondoa komeo la stoo.

Mama alitoka akikunja macho kwa mwanga. Alikuwa anang'aa kwa yale mafuta, nywele zimegandana, na ile harufu ilitoka pamoja naye kama mtu wa pili. Nilirudi nyuma. Hakunijali. Alinawa mikono tu, kwa sabuni ya kufulia, akaingia moja kwa moja kwa Bibi. Nilimfuata mpaka kizingitini. Akainama kumwondoa shuka, na Bibi, mwanamke aliyekuwa amelala juu ya uchafu wake tangu asubuhi, akakunja pua.

"U-na-nu-ka," alisema.

Mama akasita, shuka mkononi. Wakatazamana. Kisha mama akacheka mpaka akakaa chini, na Bibi akicheka kwa upande wake mmoja, mate yakimtoka, kitanda kikitikisika. Walipomaliza mama akainuka, akamsafisha, akamgeuza polepole, akautandika mpira na shuka kavu. Ule mkono aliouvuta aliukanda kwa muda. Bibi alimwachia.

Mwishowe Bibi akausogeza ule mkono mzima, akamsukuma mama kiunoni.

"Koga," alisema. Akapumzika. "Nenda. Upepo."

"Na akae na weye nani, mama?"

Jicho la Bibi likaja mlangoni, likanikuta.

Mama aligeuka akaniangalia na yeye. Hakunambia ingia. Hakuwahi kunambia. Alikwenda kukoga, akakoga muda mrefu, maji yakisikika hadi ukumbini, na alipotoka alivaa buibui. Alipita mbele yangu, akanishika kichwa, akaenda zake.

Nikaingia. Nilivuka kizingiti mguu mmoja baada ya mwengine, nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na kichwa cha Bibi, na kwa kuwa nilikuwa siiwezi ile harufu, nikaishika pua kwa vidole viwili. Niliona haya, lakini sikuachia. Bibi alinitazama hivyo kwa muda. Kisha akauinua mkono wake mzima, taratibu, kwa shida, mpaka usoni, akaishika pua yake na yeye.

Sikuwa nimewahi kufikiri kuwa na yeye anaisikia harufu. Sisi wote tulikuwa na mahali pa kukimbilia: mimi barazani, Shangazi kwenye marashi, baba bandarini, mama Maisara. Yeye alikuwa hapo usiku na mchana, na dirisha limefungwa.

Nikapanda juu ya kiti, nikalisukuma dirisha kwa mikono miwili mpaka likaachia. Bibi akafumba macho. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda tena.

"U-si-funge," alisema.